Mita ya Shangazi Nanzia

Juzi nilikuwa napita mbele ya kibanda cha fundi simu, nina haraka zangu, moshi ukanikamata. Ule moshi mwembamba wa risasi ya kuchomelea inayoyeyuka juu ya waya, wenye harufu kama utomvu wa msonobari uliodondokea kaa la moto. Kijana aliyeinama juu ya simu iliyofunguliwa wala hakuniona. Nilisimama pale nikivuta pumzi mpaka muuza vocha wa jirani akaniuliza, "Mama, umepotelewa na kitu?" Nikamjibu hapana, nikaenda zangu, lakini moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha ambayo nisingeweza kumweleza. Kwangu mimi harufu ile ni mji wa Same. Ni upepo mkavu unaopiga mabati mchana kutwa, ni Shangazi Nanzia na mikono yake yenye makovu madogo ya moto, na ni msimu ule Mama alipokatazwa kuinuka kitandani.

Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Sabuni ilikatwa vipande kama jibini, sukari ilisimamiwa foleni tangu alfajiri, na uji wetu ulikuwa wa unga wa njano ambao hakuna aliyeupenda na wote tuliunywa. Betri za redio ndizo zilikuwa adimu kupita kiasi. Mkipata mawe mapya, kama tulivyoziita, mnasikiliza taarifa ya habari tu, mnazima. Yakichoka mnayaanika juani juu ya bati, yanaamka kidogo, yanalala tena. Redio yetu ilikuwa kimya muda mrefu hivi kwamba Mama aliifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe na kuweka juu yake glasi yenye maua ya plastiki.

Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hapo, kama watu wazima walivyosema kwa sauti ya chini, alikuwa "amepoteza" watoto wawili. Mimi niliamini aliwapoteza kama mtu anavyopoteza mbuzi, na kila tulipokwenda gulioni nilikuwa naangalia nyuso za watoto wengine nione kama kuna wanaofanana na sisi. Safari hii daktari alimwambia alale, asibebe hata kikombe, mpaka siku zake zitimie. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye machimbo ya jasi kule Makanya, anarudi Jumamosi kwa treni akiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Asingeweza kuacha kazi. Akampelekea ujumbe dada yake mdogo, Shangazi Nanzia, aje akae nasi.

Shangazi alikuwa ametoka jeshini karibuni. Alikuwa upande wa mawasiliano, akitengeneza mitambo ya redio, na nadhani hakukuwa na mwanamke mwingine katika mji wetu aliyewahi kufanya hivyo. Aliteremka kwenye basi na sanduku la bati ambalo kondakta na mtu mwingine walilishusha wakiguna. Baba, aliyekuwa nyumbani siku hiyo, alidhani ni nguo. Alipolifungua akakuta nyaya, spika zilizochanika, redio zisizo na matumbo na koleo za kila saizi.

"Nanzia," akasema, "nimekuita umtunze wifi yako, sijakuita ufungue karakana."

"Wifi nitamtunza, Kaka. Na mikono ikibaki bure, nayo ifanye nini?"

Baba alicheka bila kupenda. Kufikia Jumamosi iliyofuata, kibanda cha mabati kilichokuwa nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, kilikuwa kimefagiwa, kina meza, kina jiko la mkaa la kuchomea chuma cha kuchomelea, na wateja wameshaanza kuulizia mlango. Wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya mkonge, watu waliotoka Kigoma, Songea, Singida, ambao redio ndiyo ilikuwa njia yao pekee ya kusikia kitu chochote kutoka kwao. Walizileta zimefungwa kwenye khanga kama watoto wachanga.

Mimi nilikuwa nikitoka shule nakimbilia pale kabla hata sijavua sare. Siku ya kwanza niliyotazama ndani ya redio iliyofunguliwa nilishika mdomo. Ilikuwa imevaa shanga! Vijiti vidogo vya duara, kila kimoja kina mistari ya rangi: nyekundu, njano, kahawia, buluu, zimepangwa kwa adabu kabisa, kama shanga za kina mama wa Kimaasai waliokuwa wakija gulioni. Nilishaambiwa kwamba shanga zao husema mambo: huyu ameolewa, huyu ana mtoto wa kiume. Nikaona wazi kabisa kwamba hivi ndivyo redio inavyojua la kusema. Maneno yote yamo kwenye shanga.

Shangazi alikuwa na kopo la vijiti vile alivyovitoa kwenye redio mbovu. Nikamwomba kimoja, akanipa bila kuuliza. Siku ya gulio nikamwendea mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiuza maziwa kwenye vibuyu, nikainamisha kichwa kama watoto wao wanavyofanya, akanigusa utosini. Nikamfungulia kiganja.

"Yeyo," nikamwita mama kwa Kimaa, "hii inasema nini?"

Alikichukua kile kijiti, akakisogeza karibu na jicho, akakigeuza. Akawaita wenzake wawili, wakajadiliana kwa Kimaa kwa muda mrefu. Halafu akanirudishia akiwa ametabasamu meno yote.

"Hii hapana ya kwetu," akasema. "Mtu mwenye shingo dogo namna hii, mimi bado naona."

Nilirudi nimenyong'onyea. Shangazi aliposikia kisa chote hakunicheka. Alipangusa mikono, akanivuta kwenye kigoda, akasema, "Hujakosea sana. Zinasema kweli. Ila zinasema namba."

Nikajifunza mchana uleule. Nyeusi ni sifuri, kahawia moja, nyekundu mbili, chungwa tatu, njano nne, na kuendelea hadi nyeupe. Mstari wa kwanza namba, wa pili namba, wa tatu unakwambia uongeze sifuri ngapi. Kijiti changu kilikuwa njano, zambarau, nyekundu. "Nne, saba, sifuri mbili," nikasoma, ulimi nje. "Elfu nne na mia saba!"

"Elfu nne na mia saba nini?"

Sikujua. Akafungua kijisanduku cheusi kilichokuwa kimefungwa peke yake kwenye kipande cha blanketi la jeshi, akatoa mita.

Ilikuwa na uso wa kioo, na nyuma ya kioo mshale mwembamba kama unywele umelala upande wa kushoto. Ilikuwa na nyaya mbili, mwekundu na mweusi, kila mmoja una ncha ya chuma. Shangazi akanionyesha kwanza kugusanisha ncha mbili: mshale ukaruka hadi mwisho wa kulia. "Hapo hakuna kinachouzuia umeme," akasema. Kisha akaniachia nishike ncha mwenyewe kwenye pande mbili za kile kijiti. Mshale ukainuka, ukatetemeka, ukasimama. Akanisomesha mahali uliposimama. Omu elfu nne na mia saba, au pungufu kidogo tu: hicho ndicho kiasi ambacho kijiti kile, rezista, kinauzuia umeme.

Sijui nitawaelezaje. Rangi zilikuwa zimesema jambo, na mshale, ambao hauna macho ya kuona rangi, umekubali. Nilipiga kelele. Nikachukua kijiti kingine nikakisoma, nikakipima, na chenyewe kikakubali! Nikamwaga kopo lote mezani. Makande yaliungua jikoni siku hiyo, na Mama alikula ukoko bila kulalamika kwa sababu nilikaa kando ya kitanda chake nikimsomea rezista moja baada ya nyingine.

Kwa kuwa ukoo wetu ni wa milimani, Shangazi alinifundisha mengine kwa maji. Kule juu wazee hukusanya maji kwenye ndiva, bwawa dogo la kijiji, usiku, asubuhi huyafungulia yashuke kwenye mfereji hadi mashambani. "Betri ndiyo ndiva," alisema. "Ndiva ikiwa juu zaidi, maji yanasukuma zaidi, hiyo ni volti. Maji yanayopita mferejini ndiyo mkondo. Rezista ni mahali mfereji unapobanwa." Volti unaipima ukisimama pembeni, ncha moja huku, nyingine kule, bila kukata kitu. Mkondo, lazima uukate mfereji, maji yapitie kwenye mita yenyewe. Na ukinzani unaupima ndiva ikiwa imefungwa, yaani betri zimetolewa. La sivyo mita itakudanganya au itaungua, na mita ikiungua, alisema, tutarudi wote milimani Usangi kulima.

Nikajua kapasita, inayolamba umeme ikautunza, kisha ukigusanisha miguu yake inatema cheche ndogo, tap! Nikajua dayodi: ncha ziweke hivi, mshale unaruka, zigeuze, mshale unalala kama hukuugusa. Nilizigeuza na kuzigeuza nikicheka peke yangu. Nikajua transista na miguu yake mitatu, ambayo Shangazi alisema nisiiguse kwa chuma cha moto muda mrefu kwa sababu roho yake nyepesi.

Neno hilo, roho, ndilo lililonipoteza. Maana kibandani watu walizungumza hivyo. Mteja alisema, "Dada, redio yangu mgonjwa." Shangazi alipima betri akasema, "Huyu bado ana uhai." Alipima spika akasema, "Huyu amekufa, tumzike." Nami, kwa akili zangu zote mpya, nikajumlisha. Mita inapima uhai. Na nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mmoja ambaye kila mmoja alihofia uhai wake.

Basi nikawa nampima Mama. Shangazi akienda bombani, nachukua mita, nampa Mama ncha moja kila mkono. Naye alikuwa amechoka kulala, akapokea mchezo wowote uliokuja.

"Haya daktari, naendeleaje?"

Mshale ulikuwa unainuka kidogo tu, upana wa punje ya mchele, lakini uliinuka. Siku za joto kali, viganja vyake vikiwa na jasho, ulipanda zaidi, nami nilikwenda shule nikirukaruka. Siku za upepo mkavu ulipanda kidogo, na darasani sikusikia chochote mwalimu alichosema.

Kisha mchana mmoja nikampa ncha, na mshale haukuinuka. Nikamwambia abane vizuri. Haukuinuka. Nikapiga kioo kwa kidole, nikazungusha kitufe kama nilivyoona Shangazi akifanya, nikamwekea tena. Mshale umelala. Mama alikuwa ananitazama, anatabasamu, anaongea, lakini mimi nilikuwa nimeshajua kwamba tabasamu ni jambo la juu juu, mita ndiyo inayoona ndani.

Sikumbuki nilivyofika bombani. Nakumbuka foleni ya ndoo, na khanga ya Shangazi, na sauti yangu mwenyewe: "Mama amekufa!"

Shangazi aliangusha ndoo. Alikimbia kama askari aliyekuwa, nami nyuma yake, na nyuma yangu nusu ya foleni, wanawake wengine wameshaanza kulia. Tuliingia chumbani kwa kishindo. Mama alikuwa amekaa kitandani ameegemea mto, bakuli la makande mapajani, kijiko kinywani.

Alitutazama sote. Akameza. "Kuna nini?"

"Nani alikwambia Mama amekufa?" Shangazi aliniuliza, akihema.

"Mita," nikasema.

Shangazi akainama, akaichukua mita kitandani, akagusanisha ncha mbili. Mshale haukusogea. Akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akatoa betri ndogo ya ndani iliyokuwa imeanza kutoa unga mweupe. Akanionyesha. "Aliyekufa ni huyu."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika tumbo, akamwambia Shangazi amshike, akasema, "Mngenizika na makande mdomoni!" na wanawake wa bombani wakacheka wakiwa bado na machozi. Mimi nilijificha chini ya meza. Shangazi alichuchumaa, akachungulia. "Naelijwa," akaniita jina langu lote, "kabla hujapima kitu, pima mita. Gusanisha ncha kwanza. Kila mara. Hata mimi hufanya." Halafu akanieleza kwamba mshale ulikuwa ukiinuka kwa sababu mwili wa mtu unapitisha umeme kidogo, na jasho linaufungulia njia. Hakuna mita ya uhai. Nilisikitika kidogo, kisha nikaona kwamba hili nalo ni jambo la ajabu vilevile.

Wageni walipoondoka Mama akasema kwa sauti tofauti, "Lakini Nanzia, siku nikizidiwa kweli, nitawaitaje? Mkiwa kibandani na upepo huu juu ya mabati, hata nikipiga yowe hamsikii."

Shangazi alinitazama. Nami nikamtazama. Nafikiri wazo lilitujia wote wakati mmoja, ingawa yeye ndiye aliyejua jinsi ya kulifanya.

Tulitengeneza kengele. Msumari mnene, ukazungushiwa waya mwembamba uliotoka kwenye mota iliyoungua ya mashamba ya mkonge. Mzunguko juu ya mzunguko mpaka vidole vikaniuma. Ukanda wa bati la kopo la mafuta ya kupikia ukawekwa mbele yake. Umeme ukipita, msumari unakuwa sumaku, unavuta bati. Bati likivutwa linaachana na mguso wake, umeme unakatika. Bati linarudi, umeme unapita tena. Linavutwa na kuachwa haraka hivyo mpaka linalia. Kitufe kilikuwa vipande viwili vya bati juu ya ubao, kando ya mto wa Mama, na nyaya mbili zilipita dirishani, zikafuata ukuta, zikavuka uwanja juu ya miti ya kuanikia nguo hadi kibandani.

Betri tulizipata kwa kuchagua. Wakati huo biashara zilikuwa ndiyo zinaanza kufunguliwa, na kwenye meza za barabara kuu, mabasi yanaposimama, vilianza kuonekana vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau: sabuni za kunukia, blanketi, tochi, betri zenye maandishi tusiyoweza kuyasoma. Shangazi alikwenda na mita, iliyokuwa imepata betri yake mpya, akazipima palepale mbele ya muuzaji, kila moja akiiunganisha kwanza na balbu ndogo ya tochi. Alinieleza njiani. "Betri iliyochoka, ukiipima bila kazi, itajisifu. Ipe kazi ya kubeba, ndipo upime." Nyingine mpya kabisa, zikimeta, ziliposhikishwa balbu, mshale ulianguka. Muuzaji alikasirika, kisha akaanza kumwomba ampimie na nyingine.

Tulipofunga kila kitu, Mama akabonyeza. Kimya.

"Usiguse," Shangazi akasema. Akaketi, akakunja mikono kifuani. "Mita hiyo. Tafuta hitilafu wewe."

Niligusanisha ncha kwanza. Mshale ukaruka. Mita nzima. Nikapima betri wakati Mama amebonyeza: zipo vizuri. Nikakimbia chumbani, nikakagua kitufe: kikibonyezwa, mabati yake mawili yanagusana sawasawa. Nikarudi mbio kibandani. Nikapima pale nyaya zinapoingia kwenye msumari: volti zipo! Kwa hiyo umeme umefika mlangoni, hauingii. Nikatoa betri, nikapima ukinzani wa waya wa msumari, ncha hadi ncha. Mshale ukalala kama umekufa. Lakini waya haukukatika, niliuzungusha mwenyewe, na ulikuwa unang'aa wekundu wa shaba mwanzo hadi mwisho! Nikaukodolea macho. Nikaukwaruza kwa ukucha. Ukucha ukatoka na kitu kama ganda la kitunguu, chembamba, kisichoonekana.

"Una nguo!" nilipiga kelele. "Shangazi, waya umevaa nguo!"

"Basi uvue, umeme upite."

Nilikwaruza ncha zote mbili kwa wembe, nikafunga upya, nikampungia Mama mkono dirishani. Kengele ikalia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Haijawahi kutengenezwa sauti tamu kama ile. Mama aliibonyeza jioni yote, mara anataka maji, mara anataka kuuliza saa ngapi, mara hataki chochote.

Baba aliporudi Jumamosi, ndipo furaha ilipopigwa na baridi. Alisimama mlangoni na vumbi lake la jasi, akafuata ule waya kwa macho kutoka dirishani hadi kitandani.

"Umeme kitandani kwa mgonjwa?" akauliza.

"Ni betri za tochi, Kaka. Hazina madhara hata kwa mende."

"Na huyu mtoto ndiye aliyefunga?"

"Ndiye."

Hakufoka. Baba hakuwa mtu wa kufoka. Alisema tu kwamba ameshazika mara mbili, na hataki kitu asichokielewa karibu na tumbo lile. Jumamosi ijayo akirudi, akute umeondolewa. Mama akasema, "Baba Naelijwa, mimi nimeupenda." Jumapili Baba akaondoka na treni ya jioni, na Shangazi, ambaye aliheshimu sana kaka yake, akaniambia tutaufungua Ijumaa.

Hatukuifikia Ijumaa. Katikati ya wiki ile, mchana wa upepo mkali kupita yote, tulikuwa kibandani na mteja kutoka Ndungu, na mabati yakipiga makelele hata tukawa tunaongea kwa ishara. Kengele ikalia. Nilicheka, nikadhani Mama anataka maji. Ililia. Haikuacha. Haikuwa ule mlio wa kubonyeza na kuachia. Ulikuwa mmoja, mrefu, na katikati yake nilimwona Shangazi anasimama na kiti kinaanguka nyuma yake.

Mama alikuwa amelala ubavu ukingoni mwa kitanda, kidole bado kwenye kitufe, jasho linamtiririka. Mdomo ulikuwa unafunguka lakini hakuna sauti iliyotoka. Shangazi alimwangalia mara moja tu. "Naelijwa, barabarani. Simamisha chochote chenye magurudumu."

Nilisimama katikati ya barabara kuu nikiwa nimetandaza mikono. Lori la jasi lililotoka Makanya lilipiga breki mpaka likanifunika na vumbi. Dereva aliruka chini akiwa tayari kunichapa, akauona uso wangu, akafuata bila kuuliza. Yeye na yule mteja wa Ndungu walimbeba Mama, wakamweka mbele, Shangazi akamshika kichwa, mimi na mteja tukapanda nyuma juu ya mzigo. Tulifika hospitali weupe wote kama tuliotoka kwenye pipa la unga. Muuguzi aliyefungua mlango alirudi hatua nyuma. Kisha akaona tumbo, na milango ikafunguka yote.

Tuliketi kwenye benchi. Mteja wa Ndungu hakuondoka; alikuwa amesahau redio yake kabisa. Mkono wa Shangazi ulinishika begani kwa nguvu hata ukaniuma, nami sikutaka autoe. Jua lilikuwa bado halijazama daktari alipotoka. Alisema mtoto ni mdogo lakini analia kwa nguvu. Alisema Mama amepoteza damu nyingi, ila atapona. Akasema, akimtazama Shangazi, kwamba tungekawia kidogo tu, angekuwa anatuambia mengine.

Shangazi alikaa chini sakafuni, palepale, akiwa na vumbi lake lote, akacheka na kulia. Mimi nilikimbia hadi nje ya geti, nikarudi, nikakimbia tena, kwa sababu mwili haukuweza kukaa na furaha ile ukiwa umetulia.

Baba alifika Jumamosi. Dereva wa lori alikuwa amempelekea habari, akashukia hospitali kwanza. Tulikuwa tumetangulia nyumbani kupika, nami nilikuwa kibandani napanga rezista, kengele ilipolia ghafla. Nilishtuka nikakimbia chumbani. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu, kofia mapajani, kidole kwenye kitufe.

Alikitoa kidole polepole. "Nieleze," akasema.

Nikamweleza. Tulianza kibandani kwenye betri, na alitembea nami akiugusa waya kwa vidole vyake vilivyopasuka, ukuta kwa ukuta, mpaka kwenye kitufe, na kurudi. Aliuliza msumari unajuaje kuvuta. Aliuliza kwa nini nyaya ni mbili na si mmoja. Nikamwambia habari za ndiva, akatikisa kichwa akasema, "Ndiva naijua," kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Kisha akauliza, "Na ikikatika mahali, utajuaje ni wapi?"

Nikamtazama Shangazi mlangoni. Akakonyeza. Nikamwomba Baba afumbe macho, nikaenda nyuma ya nyumba, nikafungua kiungo kimoja, nikarudi na kumkabidhi mita.

Alianza kwa kusitasita, ameishika kama yai. Nikamwonyesha kugusanisha ncha kwanza. Alipouona mshale ukiruka, nyusi zake zikaruka nao. Baada ya hapo hakutaka tena kuonyeshwa. Aliinama, akachuchumaa, akapanda juu ya ndoo kufikia dirishani, akanifukuza nilipotaka kumsaidia. Jirani yetu mzee alichungulia juu ya minyaa, akaona mtu mzima amelala kifudifudi kwenye vumbi na nyaya mkononi, akapaza sauti, "Mwanangu, hongera! Nimesikia mmejaliwa. Wa kiume au wa kike?"

"Wa kike, Mzee, shikamoo," Baba akajibu bila kugeuka. "Subiri kidogo. Napima."